Mwalimu Breki na Gia ya Tatu

Wanafunzi wake walimwita Breki, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miguu isiyojua kutulia. Gari lake la kufundishia lilikuwa na kanyagio la pili la breki upande wa abiria, pale alipokaa yeye, na mpira wa kanyagio hilo ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. Mwanafunzi akichelewa kusimama, Breki alikuwa ameshakanyaga. Asipochelewa, pia wakati mwingine alikanyaga, basi tu, na mwanafunzi akabaki anajiuliza amekosa nini.

Hakuwa mtu wa kukalika naye. Chai aliinywa amesimama dirishani. Viti vya sebuleni alivihamisha kila alipopata nafasi, leo huku, kesho kule. Watoto wake pacha, msichana na mvulana, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi zao miji ya mbali, walipokuwa wadogo walitaniana kwamba ukirudi kutoka shule upapase kwanza, usije ukakalia hewa. Mumewe hakutania. Yeye alikuwa fundi wa giaboksi, mtu wa kuinamia kitu kimoja tangu asubuhi mpaka jua linazama bila kutoa neno, na alipofika nyumbani alitaka kukuta kiti chake alipokiacha. Waliishi hivyo miaka mingi, mmoja anakwenda na kurudi, mwingine amekaa, mpaka wakafika mahali kila mmoja anamchosha mwenzake hata kwa kupumua. Wakaachana bila kelele. Majirani waliokuwa wamejiandaa kusuluhisha walibaki mikono mitupu. Baadaye fundi akaoa tena, mshonaji wa nguo mwenye kibanda chake jirani na gereji. Breki hakuolewa. Alisema hana muda, na ilikuwa kweli, maana alihakikisha hana.

Sasa, matatizo ya gari yalianza na doa. Asubuhi moja alilitoa gari uani akaona chini pana doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Aliligusa, akalinusa. Haikuwa oili ya injini. Ilikuwa na ule ukali unaoganda puani, ukali wa oili ya giaboksi, na harufu hiyo asingeweza kuikosea. Alikuwa amelala nayo kitanda kimoja kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Alilipeleka kwa fundi wa karibu. Huyo akaingia chini, akatoka, akasema sili ya shafti, ule mpira unaozuia oili isitoke, imechoka, akaweka mpya. Doa likapotea, likarudi. Fundi wa pili akacheka kazi ya wa kwanza, akasema sili ilipachikwa upande, akaweka nyingine. Doa likarudi, tena limenona. Wa tatu alikuwa na maneno mengi kuliko vifaa. Alifunga sili, akazungushia gundi, akaapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba hata tone halitatoka tena. Oili ikapita palepale kwenye gundi yake.

Kisha gia nazo zikaanza visa. Ya pili ilikataa kuingia asubuhi mpaka gari lipate joto, na ikiingia inasaga kama mtu anayekuna mchanga kwa kijiko. Ya tatu ilikuwa na tabia mbaya zaidi: iliingia vizuri, ikatulia, halafu katikati ya safari ikachomoka yenyewe, fimbo inarudi katikati kwa mshindo, injini inanguruma bure. Breki akaanza kuishi roho juu. Akiwa darasani, yaani barabarani, hakusikia tena maswali ya wanafunzi. Alisikiliza chini ya sakafu. Akiwa nyumbani alitoka kila mara kwenda kuinama chini ya gari, akarudi ndani, akatoka tena. Jirani mmoja alimuuliza kama amepoteza kitu.

Siku iliyovunja subira yake alikuwa na mwanafunzi muuguzi, binti makini aliyebakiza wiki chache afanye mtihani. Walikuwa wakiteremka mlima ulio nyuma ya hospitali, gia ya tatu, mwendo mzuri, gari la mizigo likiwa mgongoni kwao. Katikati ya mteremko gia ikachomoka. Gari likajiachia. Muuguzi akakanyaga klachi, akaiachia, akakanyaga mafuta badala ya breki, injini ikapiga ukelele. Breki alikanyaga kanyagio lake kwa miguu yote miwili. Wakasimama kandokando, tairi moja ndani ya mtaro, na lile gari la mizigo likawapita kwa honi ndefu iliyomeza maneno ya dereva wake.

Muuguzi alikaa ameshika usukani. Breki alimwambia kosa si lake. Binti akasema kwa upole kwamba anajua, na ndiyo maana hatarudi kwenye gari hili. Kazini kwake, alisema, anawaona kila siku watu waliopanda magari ambayo wenyewe walijua yana matatizo.

Jioni, bintiye alipopiga simu kumjulia hali, alimsimulia yote huku akitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni. Binti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kitu ambacho Breki alikuwa amekizunguka tangu doa la kwanza.

"Mama, si umpelekee baba tu."

Breki alisema mafundi wa giaboksi wako tele. Binti akakubali kwamba wako tele, na kwamba watatu kati yao ameshawaona. Simu ilipokatwa, Breki alitoa vyombo vyote kabatini akavipanga upya, vikubwa juu, vidogo chini. Hakupenda ulivyokaa mpangilio huo, akavirudisha. Asubuhi hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Akajikaza, akawasha gari.

Gereji ya mume wake wa zamani ilikuwa uwanja wenye paa la mabati nusu, ardhi imekuwa nyeusi na ngumu kwa oili ya miaka. Meza yake ilikuwa ileile ya mbao nene, na juu yake kila spana ilikuwa na mahali pake. Alikuwa ameinamia kitu. Aliinua kichwa aliposikia gari, na kabla hajaona nani anaendesha, alikuwa ameshakunja uso kwa mlio wa gia.

"Karibu, Mama Pacha," alisema, kama vile Breki alikuwa hapo wiki iliyopita.

"Asante, Baba Pacha. Gari linavuja."

Fundi alikaa kwenye usukani, Breki akakaa pale pake pa siku zote, wakazunguka mtaa. Fundi alipanda gia, akashuka, akaachia mafuta ghafla, akasikiliza. Ilipoingia ya tatu, Breki alinyoosha mkono wake wa kulia akaushika mpira wa fimbo ya gia, akaukandamiza mbele ili isichomoke, kama alivyofanya kwa kila mwanafunzi. Fundi alitupa jicho mara moja kwenye mkono huo, akarudisha macho barabarani. Waliporudi alimwambia giaboksi lazima ishuke na ifunguliwe, kwa hiyo aliache gari, arudi baada ya siku mbili.

Siku mbili bila gari. Breki alikwenda nyumbani akafua mapazia yaliyokuwa safi. Akatoka akatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Kesho yake asubuhi alikuwa gereji, akisema alipita tu. Fundi alikuwa ameshaishusha giaboksi, imelala mezani kama mzoga, na alimtazama mwanamke huyo akizunguka meza mara huku mara kule, akigusa kila kitu na kukirudisha pasipo pake. Hakumfukuza. Alimsogezea beseni la mafuta ya taa, brashi, na boliti zote chafu. Breki akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake akaanza kusugua. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi miguu yake ilitulia.

"Nani alilipaka gari lami?" fundi aliuliza baadaye, akiwa ameinamia kifuniko cha juu.

Breki alieleza kwamba kabla ya mvua aliona kutu kidogo chini, ikamkosesha raha, akawapa waosha magari wapulizie dawa nyeusi kila mahali. Fundi akamwita aone. Juu ya giaboksi palikuwa na kichupa kidogo cha chuma chenye kitundu na kofia, kisichozidi ncha ya kidole, na kofia hiyo ilikuwa imezibwa kabisa na lami kavu. Alimfafanulia, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia kwa mkupuo mmoja wakiwa na ndoa. Kitundu kile ni cha kupumulia. Giaboksi ikipata moto, hewa ya ndani inavimba na kutafuta njia. Ikikuta kitundu kimezibwa, inaisukuma oili itokee penye udhaifu, na penye udhaifu ni kwenye sili. Wale mafundi watatu hawakudanganya, sili zilikuwa zinavuja kweli. Ila wangeweza kubadilisha sili mpaka kiama. Na oili ilivyopungua, zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia zimesagika, ndiyo maana ya pili inagoma.

"Na ya tatu?" Breki aliuliza.

Alichukua kipande cha chuma chenye umbo la uma wa meno mawili, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka kiganjani mwake. Jino moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limeliwa mpaka limekuwa jembamba, linang'aa. Alisema uma huo ndio unaosukuma gia mahali pake. Ukishasukuma, unatakiwa upumzike. Lakini mtu akiacha mkono wake juu ya fimbo, uma hauachi kusukuma, chuma kinasuguana na chuma kutwa nzima.

"Nawakataza kila siku," Breki alisema. "Mkono ukishamaliza gia urudi kwenye usukani. Ni somo la kwanza."

"Wanafunzi wanabadilika, Mama Pacha. Kila mmoja na mkono wake. Huu uma umeliwa upande mmoja, miaka yote, kwa uzito uleule."

Breki alitazama uma, kisha akatazama mkono wake mwenyewe, wenye mafuta ya taa mpaka kwenye kiwiko.

"Uliniona jana barabarani. Mbona hukusema?"

"Nilitaka kwanza niuone uma."

Alikuwa yuleyule. Angeweza kukaa na jambo mwezi mzima mpaka alishike kwa mkono. Zamani jambo hilo lilimfanya Breki atake kurusha sahani. Sasa alirudi kwenye ndoo yake, akachukua boliti iliyokuwa imeshatakata, akaisugua tena.

Vipuri vilipatikana, giaboksi ikafungwa, oili mpya ikamiminwa, na kitundu cha kupumulia kikapata kofia mpya. Fundi aliliendesha gari mlimani, kulekule nyuma ya hospitali, akarudi akazima. Hata tone halikuonekana chini. Breki alifungua mkoba wake, lakini fundi akamwashiria aufunge. Akaanza kujifuta mikono, kidole baada ya kidole, na alipomaliza akaanza upya. Breki akajua kuna neno linatafuta njia.

Alisema mke wake anataka kujua kuendesha. Vitambaa vya kushonea vinatoka mbali na yeye fundi kila mara anachelewa kumpeleka, na wakirudi hawasemeshani. Amejaribu kumfundisha mwenyewe. Siku ya kwanza mama huyo alilia. Siku ya pili alishuka njiani akarudi nyumbani kwa miguu.

Breki aliona kicheko kinampanda, akakibana. Ndivyo alivyofundishwa yeye. Mwanamume huyu ambaye nyumbani hupati neno hata ukimchoma sindano, akikaa pembeni ya mwanafunzi alikuwa anafoka utadhani nyumba inaungua. Breki alijifunza kuendesha akilia, na siku alipopata leseni alijiambia atawafundisha wengine bila kuwapigia kelele. Kazi yake yote ilianzia hapo.

"Ulimwambia 'klachi, klachi'?"

"Nilimwambia."

"Kwa sauti ile?"

Fundi alikunja kitambaa chake.

Breki alisema atafikiri. Akawasha gari, akafika kwenye lango, akasimama. Alirudi kinyumenyume mpaka palepale alipotoka, akashusha kioo, akasema mama huyo aje kesho asubuhi, na yeye fundi abaki gereji, asionekane hata kivuli.

Usiku ule hakupata usingizi wa maana. Alijiuliza amejiingiza katika nini. Alikuwa akimwona mwanamke huyo kwa mbali mara nyingi, sokoni, mlangoni mwa kibanda chake, wakisalimiana kwa kichwa. Sasa watakaa bega kwa bega ndani ya gari dogo, na hatakuwa na pa kukimbilia.

Mshonaji alikuja amevaa viatu vya chini, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Alikuwa mdogo wa umbo, mtulivu wa kutisha. Alimwamkia Breki kwa heshima, akamwita dada, akafunga mkanda. Breki alijitayarisha kwa kuzimika kwa gari, kama ilivyo kawaida ya siku ya kwanza. Gari halikuzimika. Mshonaji aliiachia klachi taratibu, gari likaondoka kama maji. Breki alishangaa mpaka akauliza. Mshonaji akasema miaka yote anakanyaga cherehani ya miguu, na ukiiachia vibaya uzi unakatika.

Tatizo lake lilikuwa macho. Alitazama ncha ya boneti kama anavyotazama sindano, haoni kinachokuja. Breki akawa na kibarua cha kumwinua macho: tazama ule mti, tazama lile duka, tazama mwisho wa barabara. Na muda wote huo alikuwa na kibarua kingine, mkono wake wa kulia. Kila gia ya tatu ilipoingia, mkono ulitaka kwenda. Alijaribu kuukunja, kuushikisha mlango, mwishowe akaukalia. Mshonaji aliona, na siku ya kwanza hakusema. Baadaye alicheka kidogo, akamwambia dada utapata ganzi.

Siku moja wakisubiri mifugo ivuke barabara, mshonaji alizungumza bila kugeuza kichwa.

"Dada, kwako pia alikuwa ananyamaza hivi? Siku nzima?"

Breki alihisi mguu wake unatafuta breki, na gari lilikuwa limeshasimama.

"Siku nzima," alisema. "Jumapili ndiyo usiseme."

"Mimi nilidhani kuna kitu ninakosea."

"Hukosei kitu. Anafikiri. Ukitaka kujua anafikiri nini, mpe kazi ya mikono na wewe shika kazi karibu naye, usimtazame. Yatatoka." Akaongeza, "Mimi nimelijua hilo mwezi huu."

Ng'ombe wa mwisho alivuka. Mshonaji aliingiza gia ya kwanza, wakaondoka. Breki alimwambia atazame mbali.

Siku ya mtihani fundi alikuja uwanjani akiwa amevaa shati safi lililopigwa pasi. Kule kukaa kwake kote kulikuwa kumepotea. Alitembea kando ya uzio, akarudi, akachuma jani, akalichana, akalitupa. Breki naye alikuwa anatembea, na mara mbili walipishana katikati. Muuguzi, aliyerudi kwa Breki baada ya kuona kwa macho yake mlima ule umeshukwa salama, alitangulia kufanya mtihani akafaulu. Mshonaji aliingia, akarudi kinyumenyume kati ya vigingi bila kugusa hata kimoja, akatoka barabarani na mtahini. Walichelewa kurudi. Mtahini akaandika ameshindwa. Alisema anaendesha vizuri ila taratibu mno, mpaka baiskeli ziliwapita.

Fundi alitaka kumfuata mtahini. Breki alimdaka mkono wa shati, akamwambia asimame hapohapo, hii si gereji. Mshonaji alishuka, akajinyoosha sketi, akasema atarudi mwezi ujao, hapana shida. Wale wawili walioachana ndio waliohitaji kufarijiwa.

Alirudi mwezi uliofuata akafaulu. Sasa anajifuatia vitambaa vyake kwa pikapu ya mumewe, taratibu vilevile, na msururu wa magari nyuma yake. Anasema wenye haraka wapite. Akipita kwa Breki humpigia honi moja fupi, na mara chache huingia. Fundi hajabadilika. Ila Breki amesikia kutoka kwa mshonaji kwamba siku hizi kibandani kuna kiti cha fundi, na jioni anakaa hapo akitengeneza mikasi na cherehani za watu, na anaongea.

Gari halivuji. Gia ya pili inaingia asubuhi kwenye baridi, ya tatu inakaa. Bintiye alipopiga simu aliuliza kama sasa moyo umetulia. Breki alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, mwanafunzi mpya anamsubiri garini, mzee mstaafu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine mfukoni. Alimwambia bintiye kwamba ndiyo, mambo yote sawa, akakata simu.

Waliondoka. Mzee aliendesha vizuri kwa umri wake. Walipofika barabara kuu na mwendo kuongezeka, Breki aliinamisha kichwa. Palikuwa na sauti, ndogo sana, ya kuvuma, gurudumu la mbele upande wa kushoto. Ilikuja, ikapotea, ikaja. Mzee alimuuliza kama amekosea.

"Hapana, baba, unakwenda vizuri," Breki alisema. "Hebu tupinde hapo kushoto, nisikie."